Kikombe Ukutani

Baba yangu, Catalino Chuquimango,
alikuwa na ng'ombe wanne na kikombe kimoja cha bati,
cheupe, kimebanduka ukingoni.
Alfajiri, kabla lori la maziwa
halijapanda kutoka Bambamarca likikohoa,
aliinama kijitoni, akachota kimoja,
akakimimina ndani ya debe.
Kimoja tu. Hakuwa mlafi.
Haba na haba, na kibaba kikajaa:
viatu vyangu vya shule, chumvi, mafuta ya taa,
hata sadaka ya Jumapili ilitoka kijitoni.

Nilikuwa na miaka tisa alipookoka.
Hakuanguka, hakulia, hakunena kwa lugha.
Alirudi kutoka kanisani, akavua kofia,
akatafuta nyundo na msumari,
akakitundika kikombe kando ya mlango.
Mama akauliza, "Tutanywea nini?"
"Viko vingine. Hiki kina kazi."

Siku ya tatu akauza ndama.
Akamngoja Hermógenes, mwenye lori,
pale konani ambapo umande huganda.
"Miaka kumi na moja," akamwambia, "kikombe kwa siku.
Tumehesabu na mke wangu kwa punje za mahindi.
Pesa hizi hapa."
Hermógenes akatazama noti, akatazama milima,
akamwita mjinga
kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na hofu,
maana naye alikuwa na kipimo chake cha lita,
na kipimo hicho kilikuwa kimepanuliwa kwa nyundo.

Msidhani baba akawa malaika.
Alimtukana punda matusi nisiyoweza kuyaandika;
jioni nikamkuta zizini, kofia mkononi,
akimwomba radhi.
Punda akaitafuna kofia.

Nikamuuliza siku moja, utakatifu ni nini?
Alikuwa akichambua viazi, hakuinua uso.
"Taka haiishi nyumbani, mwanangu.
Mama yako amefagia leo, kesho atafagia.
Umewahi kumsikia akisema amemaliza?
Mtakatifu ni Yeye.
Mimi nimeshika ufagio,
na hata mkono si wangu wote."

Halafu ile asubuhi ya Februari.
Kifuniko cha debe kilibingirika korongoni,
mvua ikatuchapa njia nzima.
Baba akavua poncho akafunika maziwa,
yeye akalowa hadi mifupani,
na bado maji yakapata pa kupenya.

"Leo kuna maji humu," akasema konani.
Hermógenes akacheka. "Mvua ya Mungu hiyo, Catalino!"
"Mvua ni ya Mungu. Bei ndiyo yangu."

Watu nyuma yetu wakanung'unika, wanalowa.
Hermógenes akakishika kipimo chake,
akakigeuza, akakigeuza tena,
kana kwamba kinamuunguza.
Akapunguza nusu lita.
Sitasema aliokoka; sijui.
Najua siku hiyo aliandika daftarini kwa kalamu,
yeye aliyezoea penseli.

Baba tumemzika Juni.
Kaka zangu waligawana ng'ombe,
mimi nikaomba kikombe.
Kinaning'inia jikoni kwangu Lima, orofa ya nne,
pasipo kijito wala zizi.
Nauza vitambaa kwa mita,
na kidole gumba changu kinajua kuteleza
kabla ya alama.
Asubuhi nyingi nakitazama kikombe, nacho kinanitazama.
Asubuhi nyingine natoka mbio, nimechelewa.

Jana nilitoka mbio.
Leo nimefunga duka mapema.
Mkobani nina kipande cha buluu, sentimita tatu,
hakitoshi hata kushonea mfuko,
nami nabisha mlango baada ya mlango
nikimtafuta bibi mmoja wa koti la kijani
ambaye sikumuuliza jina.